Kikwembe cha Pili

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mvua ya kwanza imeanguka asubuhi, ya kupiga mabati mpaka mtu hasikii redio. Naanza kuandika leo. Kaye hii, daftari ya shule, ni ya Pélagie, mwanangu, ilibaki katika sanduku alilorudi nalo kutoka masomoni Kisangani. Kurasa za mbele amechora mifupa ya kiuno na nyonga kwa kalamu ya bluu, vizuri mno. Mimi naanzia nyuma, tusigongane.

Nilisoma mpaka ya sita ya msingi na nilikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo utaelewa mwenyewe.

Mimi njo Mama Pélagie wa Alunguli. Natwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza sokoni, na ng'ambo hii ya Lualaba hakuna mwanamke anayeitwanga laini kama mimi. Lakini siandiki kwa ajili ya sombe. Mwanangu amekuwa kine, mwenye diploma. Watu walidhani kine ni mtu wa kunyoosha miguu ya wachezaji mpira. Huyu wangu anashughulika na wanawake waliozaa: wale ambao mkojo unawatoka wakikohoa, wale ambao kizazi kimeshuka, wale ambao matiti yanawauma mtoto akinyonya. Anatumia mikono na mazoezi, bila sindano. Kituo cha afya kimempa chumba cha mwisho, karibu na choo. Kina kitanda, kiti na pazia. Kwangu mimi ni ikulu.

Shemeji yangu Okito amevuka mto kuja kutupongeza. Pélagie amepewa jina la marehemu mama yake Okito. Kwa hiyo Okito, na mvi zake zote, humwita "Mama", naye Pélagie humjibu, "Naam, mutoto wangu." Tukacheka kama kila mara. Laiti Florentin, marehemu mume wangu, angekuwapo.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Sombe imekwisha kabla ya saa nne.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani nimekaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Bernadette, anayeuza samaki kando yangu sokoni, ameniuliza kwa nini mama wa mtu mkubwa anajificha nyuma. Nikamwambia napenda hewa.

Hapa nitaandika ukweli, maana hakuna anayesoma. Mimi nami mkojo unanitoka, nikikohoa, nikicheka, nikiinua ndoo. Kila pigo la mchi, tone. Navaa vikwembe viwili, vitenge vya kujifunga kiunoni. Cha juu ni cha kuonyesha watu. Cha pili nakikunja katikati ya mapaja, na hakuna jicho lililowahi kukiona. Nakifua mwenyewe, nakianika ndani. Sikalii kochi la mtu. Ni miaka ishirini na saba sasa. Pélagie anajua tu kwamba mama yake ni mtu wa kuoga mara nyingi.

Na siwezi kumwambia. Hapa kwetu, mwanamke wa umri wangu akivuja, watu hawaulizi alizaaje. Wanasema askari walimpitia. Wakishasema hivyo juu yangu, watageuka kumtazama Pélagie, aliyezaliwa msituni mwaka 1998 mji wetu ulipoanguka vitani, bila ndugu yeyote wa baba yake kuona mimba wala uzazi. Wataanza kuhesabu miezi, waseme si damu ya Florentin. Shahidi wangu alikuwa Florentin peke yake, naye alikufa mwaka 2002, mji ulipozingirwa na watu wakala mizizi. Kwa hiyo nanyamaza. Mdomo wangu unajulikana soko zima, ila kwa jambo hili moja umeshonwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimempelekea Pélagie chakula kituoni, nikabaki koridoni nikifagia pasipo na taka. Pazia ni jembamba. Nimemsikia akimfundisha mwanamke: bana kule chini kama unayezuia mkojo, shika, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Kumbe ni hilo tu. Nimefanya sokoni, nimekaa nyuma ya beseni, macho mbele, mikono ikipima sombe. Nafunga pumzi na kubana kwa nguvu zangu zote mpaka masikio yanalia. Mwanangu hajui ana mwanafunzi hodari kiasi hiki.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimefanya jambo jema. Albertine, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ana mtoto wa wiki tano, msichana, anaitwa Princesse. Mume wake Bruno yuko mahali panaitwa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, tangu Julai. Hajamwona mtoto. Nimemkuta Albertine amejikunja mlangoni, homa inamtetemesha, titi la kushoto limevimba, jekundu, gumu kama jiwe la kusagia. Mama mkwe wake, Mama Bruno, alikuwa amemkanda kwa maji ya moto mpaka ngozi imebabuka.

Nikamshika mkono, nikampeleka kwa mwanangu mimi mwenyewe. Pélagie alimfukuza kila mtu, isipokuwa mimi niliyebeba mtoto. Aliweka kitambaa cha baridi. Akamgeuza Princesse, akampanua mdomo, akamshikisha weusi wote wa titi badala ya ncha tu. Kisha vidole vyake vikapita juu ya ule uvimbe, taratibu, kuelekea kwapani, kama mtu anayebembeleza paka. Muuguzi akaleta dawa ya homa. Baada ya muda nikasikia mtoto anameza. Albertine akalia bila sauti. Alisema, "Nilifikiri nitakufa na watu watasema nimestahili."

Sikuuliza kwa nini watu waseme hivyo. Nilikuwa natazama mikono ya mwanangu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimebana mara thelathini.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekosea leo, na naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Bernadette alisema mbele ya wanawake sita, "Huyu kine wako anaponya nini hasa? Hatujaona kilema akitupa fimbo."

Ningeweza kucheka. Badala yake damu ilinipanda. Nikasema waende wakamwulize Albertine wa Bruno, titi lake lilikuwa limeoza na mwanangu amelifufua kwa vidole.

Bernadette akageuza samaki mmoja, akamgeuza tena. Akasema, "Titi limeoza. Na mume iko Kama."

Hapo nikataka kurudisha maneno mdomoni. Hapa kwetu titi la mwenye mtoto mchanga likiharibika, mume akiwa mbali, kila mwanamke ana maelezo yake: mama ametembea nje, maziwa yamechafuka, yatamuua mtoto. Nimeyasikia maelezo hayo tangu utoto wangu. Niliyajua hata nilipokuwa nasema. Utamu wa jina la mwanangu ulikuwa mkubwa kuliko akili.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua siku tatu. Nabana kila siku, na mkojo badala ya kupungua umezidi. Jana nilibadilisha kikwembe mara nne.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bruno amerudi. Habari ilimfika kule Kama kabla ya barua ya kuzaliwa kwa mtoto. Jana alimtoa Albertine nyumbani na mfuko mmoja. Mtoto wamebaki naye. Mama Bruno anamlisha Princesse maji ya uji wa mchele kwa kijiko, ili maziwa machafu yasimmalize. Mtoto wa wiki saba.

Albertine yuko kwa shangazi yake, upande wa pili wa barabara. Kutoka pale anamsikia mwanawe akilia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Pélagie amekwenda kwa Bruno na vitabu vyake. Amewaeleza kwamba titi huziba kama mfereji, kwamba hata mke wa pasta linamziba. Mama Bruno alimjibu kwamba karatasi haijawahi kunyonyesha mtu. Amerudi viatu vimejaa tope. Anasema mtoto anaharisha na macho yameingia ndani. Amemwagiza Albertine akamue kila baada ya saa mbili, ili maziwa yasikauke mtoto akirudi. Basi Albertine anakamua na kumwaga chini, penye mgomba. Nimemwona. Nikapita haraka.

Jioni Pélagie aliniuliza, "Mama, nani alipeleka habari sokoni?"

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

"Ni weye," akasema. Hakupandisha sauti, na hilo njo lililonitisha. Akaniambia wiki hii chumbani kwake hakuja mtu hata mmoja. Wanawake wanasema ukiingia kwa kine, siri yako inafika sokoni kabla yako. Mkuu wa kituo amempa mpaka Noeli. Baada ya hapo chumba kitakuwa stoo ya vyandarua.

Nimempikia lituma, ndizi za kuponda. Hakula.

Ijumaa, 24 Oktoba

Redio inasema habari za Goma, vita tena. Nimezima. Mtoto analia kule, sauti imekuwa nyembamba.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo sijamsikia akilia.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya misa sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Bruno, kwa miguu, haraka, na mvua ilikuwa imetulia tu kuvuta pumzi.

Mama Bruno alikuwa amekaa penye jiko, Princesse mapajani, kijiko mkononi. Bruno alikuwa kwenye kigoda anasugua tope la machimbo kwenye buti zake. Bernadette na wanawake wawili wa kanisa walikuwapo, wamekuja kumtazama mgonjwa. Mtoto alikuwa na uso wa bibi kizee.

Sikuketi. Nikasema maneno ya sokoni ni yangu, Albertine hakutembea popote, nilikuwa najisifia mwanangu nikamvua nguo mtoto wa watu. Nikaomba Albertine arudishiwe mtoto leo, kabla maziwa hayajakauka.

Mama Bruno hakunitazama. "Mudomo wako unasema hivi leo, juzi ulisema vile," akajibu. "Titi haisemi uongo. Mwili ukiharibika, iko sababu."

Akilini nilimwona Pélagie na viatu vyake vya tope. Nilimwona Okito akisema "Mama". Kisha nikasema, "Bruno, geuza uso."

Akageuza. Nikafungua kikwembe cha juu, nikakishika mkononi, nikabaki na cha pili. Kilikuwa kimelowa mpaka magotini, maana nilikuwa nimetembea haraka.

"Huu ni mwaka wa ishirini na saba," nikasema. "Kama mwili ulioharibika njo ushahidi wa uzinzi, anzeni na miye."

Bernadette akasema neno moja, polepole, kama mtu anayesoma kibao. "Askari."

Basi nikasimulia yote. Mji ulipoanguka mimi na Florentin tulikimbia kwa njia ya Kibombo. Uchungu ulinishika siku mbili msituni, hakuna mkunga, Florentin amenishika mabega. Pélagie alizaliwa tarehe sita Novemba. Siku ya tisa, Florentin akiwa amekwenda kutafuta chakula, watu wenye bunduki walitukuta mimi na mtoto, sikujua wa upande gani. Walinibebesha sanduku la risasi kichwani, siku tatu, mtoto kifuani. Siku ya pili, tukipanda mlima, kitu ndani yangu kilifunguka kama kamba inayokatika, na hakikufunga tena. Siku ya tatu walipata mwanamume wa kubeba, wakaniacha njiani.

"Hawakunigusa," nikasema. "Mwenye kuamini aamini."

Hakuna aliyesema anaamini. Wanawake wa kanisa walitazama miguu yao. Mama Bruno alitazama kile kikwembe kwa muda mrefu, kikwembe chenyewe tu, uso wangu hakuutazama. Princesse alipewa kijiko, maji yakatoka pembeni ya mdomo, hakumeza.

Mama Bruno akaweka kijiko chini. "Bruno," akasema, "nenda umwite mama yake."

Bruno akaenda na buti moja mguuni.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imetangulia. Pélagie alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza kwa nini sikumwambia yeye, ambaye hiyo njo kazi yake. Nikamjibu nilikuwa namlinda.

"Na nani?"

"Na Okito. Na hesabu zao."

Aliingia ndani, akavuta pazia la chumba chake.

Jumatano, 29 Oktoba

Pélagie anaongea nami habari za Princesse tu. Mtoto analazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Titi la kulia linatoa kidogo. La kushoto hapana.

Sombe yangu imelala beseni zima. Bernadette amesogeza samaki wake mbali kidogo, upana wa ungo mmoja.

Alhamisi, 6 Novemba

Pélagie ametimiza miaka ishirini na saba. Okito amevuka mto. Hakuja na kuku, kama miaka mingine. Alikaa ukingoni mwa kiti, akauliza habari za mvua upande huu, kama kwamba kwake hainyeshi. Alipoaga alimwambia mwanangu, "Tutaonana, Madame Pélagie."

Pélagie alikuwa amekwisha kufungua mdomo kujibu jibu lake la siku zote. Akaufunga.

Miaka ishirini na saba nimelinda neno moja, lile "Mama" la Okito, na nimelitupa penye jiko la Mama Bruno. Sijuti. Nimeandika sijuti. Kesho nitasoma nione kama ni kweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimesoma. Ni kweli nusu.

Jumatano, 12 Novemba

Princesse ameongezeka gramu mia mbili. Pélagie mwenyewe amenipa habari, mlangoni, akanishika bega kidogo akipita. Titi la kushoto limekauka, halitarudi kwa mtoto huyu. Atakua kwa moja.

Nimekutana na Albertine koridoni. Amerudi kwa mume wake, maana aende wapi. Nilimsalimu. Alimfunika mtoto uso kwa kitambaa, akapita. Nilitaka kumwambia nimelipa. Lakini si yeye niliyemlipa.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama Bruno amekuja kituoni, amepita mlango wa nyuma. Alisema goti linamsumbua. Alikaa ndani saa nzima na pazia limefungwa. Nilikuwa na ufagio mkononi. Nilitoka nao nje, nikafagia majani uwanjani kwenye mvua.

Pélagie hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Hiyo njo kazi yangu mpya, na ni ngumu kuliko mchi.

Jumatano, 19 Novemba

Wanawake wawili kwenye benchi la mwanangu. Wote wana "goti", na hakuna anayechechemea.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo nimekwenda kama wengine. Nimekaa kwenye benchi, nikangoja zamu. Pélagie alitoa kichwa, akaniona, akasema, "Mama anayefuata."

Akafunga pazia. Akachukua karatasi yake, akauliza umri, umezaa mara ngapi, unavuja ukifanya nini. Nilimjibu yote nikitazama dari. Kisha akafika penye swali la lini ilianza. Hakuniuliza. Niliona kalamu ikiandika peke yake: 6 Novemba 1998. Aliandika taratibu, kama mtu anayeweka sahihi kwenye kosa.

"Futa," nikamwambia. "Siku hiyo ulizaliwa, mvua ilikuwa imekatika, baba yako alicheka mpaka nikamwambia anyamaze tusisikiwe. Siku hiyo sikupoteza kitu. Andika kumi na sita. Ni sanduku, si weye."

Alikaa na kalamu juu ya karatasi. Kisha akakata mstari mmoja, akaandika 16.

Nikalala kitandani. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na ndani ya glovu. Aliniambia nibane. Nikafunga pumzi nikabana kwa sifa zangu zote, nimuonyeshe.

"Mama, unasukuma," akasema. "Umefunga pumzi, unasukuma kila kitu chini. Nani alikufundisha hivi?"

"Weye. Kupitia pazia."

Alicheka, mara ya kwanza tangu Oktoba, akafuta macho kwa mkono wa blauzi kwa sababu ya glovu. Kumbe miezi miwili nimekuwa nikijiharibu kwa bidii. Akanifundisha upya: pumzi iendelee, kisha vuta juu, kidogo, kama unaokota punje moja ya mchele na kuishika isianguke. Nikaokota. Nilihesabu moja, mbili, ikaanguka.

"Ni mbili," akasema. "Tutaanzia hapo." Hakunidanganya. Alisema itachukua miezi, na kwamba miaka ishirini na saba hairudi yote.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Sombe nimeuza mabakuli matatu. Tatu, na punje pia nimeishika mpaka tatu.

Jumapili, 7 Desemba

Okito amekuja kutuarifu matanga ya ukoo kule Kibombo. Alikataa kuingia ndani, akasimama chini ya ukingo wa bati, maji yakimdondokea mgongoni. Alisema familia itakaa upande wa nyumba kubwa, na wageni watawekewa viti uwanjani. Alisema "wageni" akitazama kinu changu. Kisha akamgeukia mwanangu, "Ni hayo tu, Madame."

Pélagie alikuwa anakausha mikono kwa taulo. Alimaliza kidole cha mwisho. Akasema kwa sauti ileile ya miaka yote, "Naam, mutoto wangu. Pole na mvua. Ingia, utapata baridi."

Okito alibaki pale. Hakusema Mama. Hakusema Madame. Hakuingia. Aliinua kofia kidogo, akaenda zake mtoni, na hatujui kule Kibombo tutawekewa kiti wapi.

Nilikuwa nimekwisha kuchukua kanga ya kichwa nikimbie kwa Bernadette nikamsimulie jinsi mwanangu alivyomjibu. Nilifika mlangoni. Nikarudi, nikafungua kaye. Ukurasa ninaoandika njo wa mwisho mtupu. Nikipindua, naona ile nyonga aliyoichora kwa bluu, na maandishi yake madogo pembeni. Nimeandika hapa tu. Sokoni sijasema.